"Wasiwasi na msongo" au "wasiwasi kutokana na msongo"?

SWALI: Mimi ni mtunza kumbukumbu katika kituo cha afya jirani na Uyole, Mbeya. Kituoni kwetu maelezo ya mgonjwa huandikwa kwa Kiswahili, nami nayasoma na kuweka msimbo wa ugonjwa. Tabibu mmoja huandika "wasiwasi na msongo wa mawazo", mwingine "wasiwasi unaohusiana na msongo", wa tatu "wasiwasi kutokana na msongo". Zote nimekuwa nikizipa msimbo mmoja, sasa mkaguzi kazirudisha. Je, Kiswahili hakituruhusu kuziona ni kitu kimoja?

JIBU: Hakituruhusu, ndugu yangu. Hapa mkaguzi anasimama upande wa sarufi, pengine bila kujua.

Tuanze na "na". Kiunganishi hiki huweka vitu viwili pamoja, basi. Ukisema umenunua viazi na mkaa pale Mwanjelwa, hujasema viazi vimeleta mkaa. Kadhalika "wasiwasi na msongo": mgonjwa ana hiki na ana kile. Kipi kimezaa kipi, sentensi haisemi.

"Unaohusiana na" imesogea kidogo. Inakiri kwamba kuna uhusiano, ila haionyeshi mwelekeo wake. Huenda msongo umeleta wasiwasi. Huenda pia mtu ni wa wasiwasi tangu zamani, na hali hiyo ndiyo inayomletea msongo kazini. Maofisini tunaipenda kauli hii kwa sababu haimfungi mwandishi. Kwenye faili la mgonjwa huo si uzuri. (Na iwe "unaohusiana", si "inayohusiana", wasiwasi ni mkubwa, si kubwa.)

"Kutokana na" ndiyo inayotaja chanzo. Imejengwa juu ya kitenzi "toka": jambo hili limetoka kwenye lile. Lakini angalia imekaa wapi katika sentensi. "Ana wasiwasi kutokana na kufiwa" inataja sababu ya ugonjwa. "Kutokana na maelezo ya mgonjwa, ana wasiwasi" inataja tu tabibu amejuaje. Nimeona watu wakiisoma ya pili kana kwamba ni ya kwanza. "Baada ya" nayo hutaja mfuatano wa wakati, na "kufuatia", ambayo magazeti yetu yameizoea kupita kiasi, inayumba katikati.

Kwa nini mkaguzi ajali? Kwa sababu ICD-10, yaani toleo la 10 la orodha ya magonjwa na misimbo yake ya Shirika la Afya Duniani, imeyatenga magonjwa haya kwa kigezo hichohicho. Kundi la F43, la magonjwa yanayoletwa na msongo mkali au kushindwa kuzoea badiliko, limewekewa sharti la chanzo: pawe na tukio zito au badiliko kubwa la maisha ambalo bila hilo ugonjwa usingetokea. Kundi la F41, la magonjwa mengine ya wasiwasi, halina sharti hilo. Kwa hiyo neno linalounganisha wasiwasi na msongo linaweza kuhamisha mgonjwa kutoka kundi moja hadi jingine.

Linganisha maelezo haya mawili. "Mkulima, hapati usingizi na ana wasiwasi tangu viazi vyake viharibiwe na ukungu wiki tatu zilizopita, kabla ya hapo hakuwa na shida hii." Chanzo kipo, muda upo. Tabibu akiridhika kwamba mtu ameshindwa kulizoea badiliko hilo, njia inaelekea F43.2, ambayo kwa kawaida huanza ndani ya mwezi mmoja wa tukio na haizidi miezi 6. Sasa soma hili: "Amekuwa na wasiwasi karibu kila siku kwa miezi minane, mara juu ya watoto, mara afya, mara fedha, hata pasipo na tatizo lolote." Hapo tunazungumzia wasiwasi usiofungwa kwenye jambo moja, F41.1. Na utingo aliyenusurika ajali Mlima Kitonga, akatetemeka na kuchanganyikiwa papo hapo, kisha akatulia kesho yake? Huyo ni wa F43.0. Toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, limeitoa hali hiyo kabisa kwenye orodha ya magonjwa ya akili.

Umeona pia kazi ya "amekuwa na". "Ana wasiwasi" hutuambia habari za leo tu. Mwombe tabibu aandike tangu lini na mara ngapi. Na kama ameandika "na", usimbadilishie ukaweka "kutokana na" kwa kuwa wewe unamjua mgonjwa na shamba lake. Mrudishie aandike mwenyewe.

Kuna mtego mwingine hukuuliza, ila naona ni mbaya zaidi. Neno "wasiwasi" kwa Kiswahili hubeba pia shaka. "Wasiwasi wa kifua kikuu" ni nini? Tabibu anashuku kifua kikuu, au mgonjwa mzima kabisa anaogopa kwamba anacho? Maana zote mbili zinakubalika, na misimbo yake haikaribiani hata kidogo. Ya kwanza iandikwe "anashukiwa kuwa na kifua kikuu". Ya pili, "anahofia kuwa na kifua kikuu".

Mgonjwa anaposema "nina mawazo" au "moyo unanidunda", maneno yake yaandikwe yalivyo, ndani ya alama za kunukuu. Hayo ni malalamiko, bado si jina la ugonjwa. Moyo kudunda peke yake una msimbo wake, R00.2, na tabibu asipofika mbali zaidi ya hapo, nawe ishia hapo.

Kuhusu "msimbo" na "kodi", mimi naandika msimbo. Wenzako wakisema kodi chumba cha kumbukumbu wanaelewana, lakini mwambie mzee aliyetoka Rungwe kwamba unamwekea kodi kwenye ugonjwa wake, uone kama atarudi.