Bwawa la majitaka limekuwa kijani: limeharibika?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimeolewa jirani na mabwawa ya majitaka, hapa Moshi. Bwawa la kwanza ni jeusi, yanayofuata ni kijani kibichi. Sioni mashine wala dawa inayowekwa. Mama mkwe anasema ule ukijani ndio uchafu wenyewe. Majirani wanamwagilia mpunga kwa maji yanayotoka huko, nami nataka kupanda mchicha. Je, yanasafishwa kweli? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba ukijani ule ndio mtambo wenyewe. Ni mwani, mimea midogo isiyoonekana kwa macho mpaka iwe mamilioni. Jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni ndani ya maji. Bakteria huitumia kuvunjavunja kinyesi na mabaki ya jikoni, kisha huachia hewa ya ukaa, naitrojeni na fosfeti, ambavyo ndivyo chakula cha mwani. Wanalishana. Kwenye mitambo ya kupuliza hewa, kazi hiyohiyo hula umeme usiku na mchana.

Bwawa la kwanza lina haki ya kuwa jeusi. Ni la kina kirefu, halina oksijeni, na ndimo tope linamotuama.

Nimefanya kazi kwenye mabwawa haya hadi kustaafu, na saa ninayoipenda ni saa nane mchana. Ukichota maji kwenye chupa nyeupe utaona viputo vidogo vinapanda, na kipimo cha pH (kinachoonyesha maji yana asidi au alkali; 7 ni katikati, juu yake ni alkali) kinapita 9, kwa sababu mwani umenyonya hewa ya ukaa. Vijidudu vya kinyesi havivumilii hali hiyo, sembuse na jua juu yake. Alfajiri oksijeni huwa imekaribia kwisha. Kwa hiyo anayepima mchana tu amepata nusu ya habari.

La kuogopa ni bwawa la kijani kugeuka la waridi au jeusi: limezidiwa mzigo. Au tope kujaa hadi maji yapite mbio, kabla mayai ya minyoo hayajazama.

Sasa mchicha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 kwa mazao yanayoliwa mabichi ulitaka vijidudu vya kinyesi visizidi 1,000 katika mililita 100, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Mchicha unapikwa, sawa, lakini unauchuma kwa mikono na kuuosha jikoni kwako, penye kachumbari. Nenda mamlaka ya maji, uombe majibu ya vipimo vya bwawa la mwisho, vyote viwili. Usipoyapata, panda mahindi au majani ya ng'ombe.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni majirani zako wa mpunga, wanaoshinda peku ndani ya maji hayo. Wavae buti, na watoto wapewe dawa za minyoo kliniki inapozitoa.