Tumbo Lisijae Maji Baada ya Kutolewa Mayai

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 31, naishi Mtwara. Mwaka jana nilifanyiwa upandikizaji wa mimba Dar es Salaam. Siku chache baada ya kutolewa mayai tumbo likajaa maji, nikalazwa, na mimba haikushika. Ovari zangu zina vifuko vingi vidogo. Fedha za korosho zinatosha jaribio moja tu. Nifanyeje yasijirudie?

JIBU: Pole sana, dada. Hali hiyo hutokea ovari zinapoitikia sindano za homoni kupita kiasi, nawe ulikuwa katika kundi la hatari tangu mwanzo kwa sababu ya vifuko hivyo na umri wako. Sasa kwa kuwa imekwisha kukupata mara moja, hatari hiyo imeongezeka, hivyo lieleze jambo hilo kabla dozi ya kwanza haijapangwa.

Kinachofungulia maji hasa ni sindano ya mwisho ya kukomaza mayai, ambayo mara nyingi huwa hCG, homoni ileile inayosomwa na kipimo cha mimba cha mkojo. Hukaa mwilini siku kadhaa ikizichochea ovari kutoa kemikali zinazofanya mishipa midogo ya damu ivuje. Badala yake yaweza kutumika dawa ya kundi la agonisti, kama triptorelini, inayoifanya tezi iliyo chini ya ubongo itoe homoni yake yenyewe kwa muda mfupi. Lakini haifai isipokuwa matibabu yameanza kwa utaratibu wa antagonisti, yaani wa dawa inayozuia mayai yasitoke kabla ya wakati, ndiyo maana huulizwa mwanzoni, si siku ya sindano.

Kisha omba viinitete vyote, yaani mayai yaliyokwisha rutubishwa maabara, vigandishwe, vipandikizwe mzunguko mwingine, kwani mimba ikishika papo hapo huzalisha hCG yake na kulichochea tatizo upya. Najua ni gharama na safari ya pili, na barabara ya Kusini si fupi. Hata hivyo, kwako wewe nisingeliacha hilo. Daktari anaweza pia kukuandikia kabergolini, dawa inayosaidia kupunguza uvujaji huo wa mishipa.

Usipande basi mara baada ya kutolewa mayai. Jipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo moja kwa siku, mkojo ukipungua, pumzi ikikubana au mguu ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiwa umekwisha rudi nyumbani, nenda hospitali ya Ligula na karatasi za matibabu, umtajie daktari tarehe ya kutolewa mayai, asije akayadhania maji hayo kuwa ya ugonjwa wa ini.