Ukibishana kuhusu bima ya afya, usianzie kwenye makato ya mwezi

Mjadala wowote wa kubadilisha mfumo wa afya, uwe bungeni, uwe kazini, uwe kwenye kikao cha familia, unaanza na swali moja tu: nitakatwa ngapi kwa mwezi? Hapohapo watu wanagawanyika, mmoja anasema ni nyingi mno, mwingine anasema mbona kidogo, sauti zinapanda na mpaka mnatawanyika hakuna hata mmoja aliyeuliza siku nikilazwa nitatoa nini mfukoni. Ushauri wangu ni huo tu kwa kweli, mengine yote hapa chini ni maelezo. Anzia siku ya kuumwa, pale dirishani unapotoa kadi, halafu rudi nyuma taratibu mpaka ufike kwenye makato.

Nasema hivi kwa sababu kwa miaka kadhaa nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kamati ya bima pale nilipokuwa nafanya kazi. Mkataba ukikaribia kuisha wakala anakuja na makabrasha yake, kampuni hii inataka kiasi hiki, ile inataka kile, sisi tunakaa tunachagua. Ukikaa kwenye kile kiti unaona kitu ambacho mwenye kadi hakioni, kwamba bei ikishuka karibu kila mara kuna kitu kimetolewa. Wamepunguza limiti, yaani kiasi cha juu ambacho bima inalipa kwa mwaka, ya wagonjwa wa nje. Wametoa meno na miwani. Mwenye ugonjwa wa kudumu asubiri mwaka ndo aanze kutibiwa. Wazazi hawamo tena kwenye wategemezi. Au wameacha kila kitu kama kilivyokuwa ila wameongeza kipengele kwamba mgonjwa atachangia asilimia fulani ya bili, na hicho kipengele kiko ukurasa wa nyuma kabisa huko ambako wengi hawafiki. Gharama haijapungua jamani, imehamishiwa kwa yule atakayeumwa.

Kuna mwenzetu mmoja figo zilifeli. Kusafisha damu kwa mashine kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, kila wiki, hakuna kupumzika. Sasa hebu piga hesabu mwenyewe limiti ya mwaka inaisha lini. Ya kwake iliisha mwaka ukiwa bado mbichi, na kuanzia hapo familia ikawa inalipa keshi, wakauza walichokuwa nacho na sisi kazini tukachangishana. Na huyu mtu alikuwa na bima! Kila mwezi alikatwa kama sisi wote. Ndo maana mtu akisimama na kusema mageuzi yamefanikiwa kwa sababu watu wengi zaidi sasa wana kadi, mi huwa namuuliza hiyo kadi inafika mpaka wapi. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya mwaka 2010 liliweka maswali matatu ya kupimia mfumo wowote: nani amefikiwa, kwa huduma zipi, na sehemu gani ya gharama inalipwa na mfuko badala ya mgonjwa. Wanasiasa wanapenda sana lile la kwanza maana ndo lenye namba nzuri ya kutangaza. Mgonjwa anaishi na yale mawili ya mwisho.

Angalia Uswisi. Bima ni lazima kwa kila mkazi tangu mwaka 1996, unanunua kwenye kampuni unayotaka na kwenye ile bima ya msingi hairuhusiwi kukukataa eti kwa sababu una sukari au presha. Lakini mtu mzima anachagua mwenyewe kiasi atakachobeba kwanza kabla bima haijaanza kulipa, kuanzia faranga 300 mpaka 2,500 kwa mwaka, na akishamaliza hapo bado anachangia asilimia 10 ya bili mpaka hiyo michango yake ifike faranga 700. Anayechagua 2,500 analipa kidogo kila mwezi. Kwa mtu mwenye afya na akiba benki hiyo inaweza kuwa dili nzuri, ila kwa mtu asiye na akiba yoyote, ile nafuu ya kila mwezi inageuka deni siku ya oparesheni. Bima ileile, nchi ileile, na ukiwauliza hao wawili wanalipa ngapi kwa mwezi hutajua nani yuko salama.

Sasa tuje kwenye hoja ya vijana, maana kwenye kamati ndo ilikuwa inachukua muda mrefu kuliko zote. Kijana anasema mimi siumwi, hospitali siendi, kwa nini nilipie magonjwa ya wazee? Usimkaripie. Mimi nilikuwa namwambia hivi: tuseme tunakuruhusu utoke, na wenzako wote wenye afya watoke, tutabaki na akina nani? Watabaki wanaotumia bima kila wiki, mwakani kampuni italeta bei ya juu zaidi, wale waliokuwa wanajikaza nao wataondoka, bei inapanda tena, na siku wewe utakapogongwa na gari au mkeo akiwa mjamzito utarudi mbio ukute hakuna bima ya kurudia. Hii si hadithi. Jimbo la New York mwaka 1993 liliagiza kampuni zimkubali kila mtu na zisimtoze mgonjwa zaidi ya mzima, ila halikumlazimisha mtu yeyote kujiunga. Kwenye bima za mtu mmoja mmoja bei zilipanda sana na wateja wakapungua.

Sheria ya Marekani iliyosainiwa na Obama mwezi Machi 2010 ilijaribu kuziba hilo tundu kwa kufunga mambo matatu pamoja: kampuni isimkatae mgonjwa, kila mtu awe na bima au alipe faini, na serikali iwasaidie wenye kipato kidogo kulipa. Watu waligombana miaka na miaka kuhusu ile faini. Basi kuanzia mwaka 2019 faini ya serikali kuu ikawekwa sifuri, na wengi waliotabiri kwamba lile soko litaanguka walishangaa halikuanguka, kwa sababu ule msaada wa kulipia ulibaki. Mimi hapo nimejifunza kitu na huwa nakirudia kila nikipata nafasi, kwamba kumpunguzia mtu mzigo kunamleta kwenye bima vizuri kuliko kumtishia. Wanaopanga mageuzi wanapenda kuanza na adhabu kwa sababu adhabu haiwagharimu kitu, msaada unataka hela kwenye bajeti.

Na hapa niseme wazi, mtu anayepinga bima ya lazima mara nyingi ana hoja ya kweli kabisa. Sisi wa mishahara tunakatwa kabla hatujaiona hela, inauma ila inaeleweka. Mtu ambaye leo amepata kesho hajapata, unamwambiaje alipe kiasi kilekile kila mwezi au kwa mwaka mzima mara moja? Mchango wa aina moja kwa wote unaitwa wa usawa ila ukiutazama vizuri ni mwepesi kama unyoya kwa mwenye nacho na ni chakula cha watoto kwa asiye nacho. Kwa hiyo kwenye mjadala usikubali kuambiwa njia ni moja. Ujerumani ya kansela Bismarck mwaka 1883 ilianza na makato ya mishahara, mfanyakazi alilipa theluthi mbili na mwajiri theluthi moja, na iliwahusu wafanyakazi tu. Uingereza tangu tarehe 5 Julai 1948 inaendesha huduma yake ya afya kwa kodi. Ghana kwa sheria ya mwaka 2003 iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma iingie kwenye mfuko wa bima, kwa hiyo hata asiye na mshahara anachangia kidogokidogo kila akinunua kitu. Rwanda iliwapanga watu kwa hali ya maisha, maskini kabisa akalipiwa. Thailand mwaka 2002 iliwaingiza waliokuwa hawana chochote kwa kodi, mgonjwa akawa anatoa baht 30 tu kila akienda kutibiwa. Kila njia ina matatizo yake, ila mtu akikwambia "hakuna hela" muulize kwanza anamaanisha hela ya nani.

Kuna na hii nyingine utaisikia sana, "watu wanatumia bima vibaya, wakichangia kidogo watakuwa na adabu". Hata kwenye kamati yetu ilitoka, na kuna ukweli ndani yake. Taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani iliifanyia majaribio makubwa kuanzia miaka ya 1970 mpaka 1982, familia nyingine zikatibiwa bure, nyingine zikachangia viwango tofauti. Waliochangia kweli walitumia huduma kidogo zaidi. Tatizo ni kwamba walipunguza vyote, visivyo vya lazima na vya lazima, karibu sawasawa. Kwa mtu wa kawaida afya haikubadilika sana, ila maskini wenye presha walikuwa na hali nzuri zaidi wakitibiwa bure. Na inaeleweka, mgonjwa si daktari, atajuaje kichwa hiki ni cha uchovu na kile ni cha presha? Ukimwekea mchango dirishani atakaa nyumbani kwa vyote viwili. Kwa hiyo ushauri wangu, mkilazimika kuweka mchango wa mgonjwa, pigania dawa za presha, za sukari, kliniki ya wajawazito na chanjo zisiguswe. Hizo ndo zinazozuia zile bili kubwa za baadaye.

Halafu kuna upande ambao karibu hakuna anayeugusa, nao ni jinsi hospitali inavyolipwa. Tunagombana weee kuhusu mwanachama alipe ngapi, wakati kama hospitali inalipwa kwa kila kipimo na kila sindano basi vipimo vitaongezeka tu, hata bila mtu kuwa mwizi. Nimeona bili za watu walioenda na mafua wakapimwa vitu vyote vilivyokuwepo maabara. Thailand iliamua huduma za wagonjwa wa nje zilipwe kwa idadi ya watu waliosajiliwa hospitalini, kiasi maalumu kwa kichwa, hapo hospitali haipati faida kwa kukupima ovyo. Ubaya wake nao upo, wanaweza kukupima chini ya inavyotakiwa, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukagua. Ila mageuzi yanayoongeza michango bila kugusa upande huu, mimi nayaona kama kuongeza maji kwenye ndoo inayovuja, mwaka unaofuata mtarudi kuongeza tena.

Ukisikia ahadi ya "bure" pia tulia uulize itabaki bure mpaka lini na nani atailinda. Aneurin Bevan, waziri aliyeanzisha ile huduma ya Uingereza, alijiuzulu mwaka 1951 kwa sababu serikali yake mwenyewe ilitaka watu waanze kulipia meno ya bandia na miwani. Miaka mitatu tu! Usidhani pia kwamba upinzani utatoka kwa wananchi peke yao, kule Saskatchewan, Kanada, mwaka 1962 waliogoma ni madaktari, wiki tatu hivi, kupinga bima ya umma. Leo Wakanada wengi huwezi kuwagusia kuiondoa. Mimi hii inanipa moyo kwa sababu inaonyesha kwamba kelele za mwanzo hazisemi mwisho utakuwaje, ila pia ni onyo kwa wanaodhani madaktari na manesi wataletewa mpango uliokwisha andikwa wakubali tu.

Kama uko kwenye kamati, chama, au hata kikundi kinachokata bima ya pamoja, fanya hivi kabla ya kusaini mkataba mpya. Omba ripoti ya madai ya mwaka uliopita, yaani bili za matibabu ambazo bima ilidaiwa, ile isiyo na majina ya watu. Wengi hawajui kwamba inaweza kuombwa, na wakala hataitoa mwenyewe bila kuulizwa. Angalia mlichangia jumla ngapi na kiasi gani kilirudi kwenye matibabu. Marekani ile sheria ya 2010 inazitaka kampuni zitumie angalau asilimia 80 ya michango kwenye matibabu na kuboresha huduma kwa bima za mtu mmoja mmoja na za vikundi vidogo, asilimia 85 kwa vikundi vikubwa, zikishindwa zinawarudishia wateja, na ukiwa na namba hiyo kichwani unakuwa na cha kulinganishia hata kama kwenu hakuna sheria ya namna hiyo. Sisi tulipoanza kuomba ripoti maongezi yalibadilika kabisa, wakala aliyekuwa anakuja na bei iliyoongezwa bila maelezo akaanza kuja na maelezo, na mwaka mmoja ongezeko lilishuka baada ya kuonyesha kwamba madai yetu hayakupanda kama alivyosema.

Na ukishaipata hiyo ripoti, usiishie kwenye jumla. Nenda kwenye madai yaliyokataliwa, soma moja moja na sababu iliyoandikwa pembeni, kisha peleka hizo sababu mezani na mdai zijadiliwe kabla hamjagusa bei.