Maswali na Majibu: Geji za Pikapu ya Zamani

*Geji ya mafuta na geji ya joto zimepanda mpaka mwisho kwa pamoja. Nimebadilisha sensa ya tangi, bado. Ninunue nini tena?*

Usinunue kitu. Sensa moja iko tangini, nyingine iko kwenye injini. Si rahisi zife dakika moja. Tafuta kinachoziunganisha. Pikapu nyingi za zamani zina kidhibiti umeme kidogo nyuma ya dashibodi, kinachoshusha volti 12 za betri kabla hazijafika kwenye geji. Kikikosa ethi (mguso wa umeme na bodi ya chuma ya gari), umeme wote hupita na mishale huruka pamoja. Kikikatika kabisa, yote hulala. Fungua skrubu inayokishika, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, kaza, kisha jaribu. Fanya hivyo leo, maana geji ikilishwa volti nyingi huungua ndani. Hela ya sensa imeshakwenda, na ilikwenda kwa sababu hakuna aliyepima.

*Nimejaza tangi lakini geji inasema halina kitu.*

Chomoa waya wa sensa kwenye soketi iliyo mbali na tangi, washa swichi bila kuwasha injini, gusisha waya kwenye chasisi kwa sekunde moja tu. Pakinuka petroli, usijaribu kabisa, cheche moja inatosha. Mshale ukisogea, geji ni nzima na ubovu uko upande wa tangi: ethi yenye kutu, sensa iliyochakaa, au floti (boya linaloelea juu ya mafuta) iliyotoboka ikaingia mafuta na kuzama. Anza na ethi. Ikibidi kununua sensa, usichague kwa sura. Chevrolet nyingi za zamani husoma ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) 0 tangi likiwa tupu na 90 likijaa; Ford nyingi za enzi hizo ni kinyume, ohm hupungua kadiri mafuta yanavyoongezeka. Ukichanganya, geji itakudanganya kila siku.

*Mshale wa spidi unatetemeka.*

Kebo imekauka au imepindwa kona kali. Itoe, isafishe, ipake grisi kidogo.

*Geji ya joto haipandi, lakini gari linachemsha. Nibadilishe geji?*

Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara mwenye gari hajatazama maji! Sensa inasoma maji. Maji yakishuka chini yake, sensa hubaki hewani, mshale unatulia chini huku silinda hedi (kichwa cha injini) inapinda. Subiri injini ipoe ndipo ufungue rejeta. Kama maji yamejaa, chungulia nyuzi za sensa, yaani mikato ya skrubu inayoingia kwenye injini: wapo wanaozizungushia tepu nyingi kuzuia kuvuja, na sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia nyuzi hizo hizo.

*Taa ya oili inawaka injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta. Fundi anasema ni swichi ya presha ya oili tu.*

Amepima? Funga geji ya presha mahali pa swichi, usome presha yenyewe injini ikiwa ya moto. Kabla ya hapo hakuna anayejua, hata yeye. Na ikiwaka ukiwa barabarani, toa gari pembeni mara moja, zima injini, usiendelee na safari.

*Fyuzi ya dashibodi inakatika kila wiki. Nimeweka kubwa zaidi, sasa haikatiki. Kuna shida?*

Kuna shida kubwa. Itoe sasa hivi, rudisha ya kiasi chake, halafu ufuate waya mkono kwa mkono kutoka kwenye boksi la fyuzi, hasa unapopenya kwenye bati, mpaka uone palipochubuka.