Usishike maiki Jumapili kabla hujarudisha hela ya kikoba

Acha. Futa huo mpango wa Jumapili, salamu tutapeana baadaye.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta uzi ameokoka wiki iliyopita kwenye mkutano wa injili. Ni karani, na ni mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana hela; ameshachota shilingi 480,000 wenzake hawajui. Ana mke, na pembeni ana mke wa mtu anayesali kanisa hilo hilo. Jumapili anataka asimame ibada ya pili, ile inayorushwa mubashara, ataje kila kitu na kila jina "ili shetani aaibike". Halafu anauliza kama abatizwe tena kwa kuwa alibatizwa mtoto, afunge siku ngapi, na Biblia aanzie wapi.

Mkuu, shetani hana ndoa hapo mtaani. Atakayeaibika ni yule mama, ambaye hajakutuma umtubie. Mume wake atakuwa amekaa benchi la tatu na watoto.

Kanuni ni moja: toba iishie pale kosa lilipofika. Umemkosea Mungu peke yake, malizana naye chumbani. Umemkosea mtu, nenda kwa huyo mtu. Umekosea kikundi, nenda mbele ya kikundi. Kanisa zima linaungamiwa kosa lililoligusa kanisa zima. Na dhambi ya mwenzako haikuhusu kuitubu, hata kama mliitenda wawili. Someni Matendo 19: waamini wa Efeso walidhihirisha matendo yao wenyewe, wakachoma vitabu vyao vya uganga, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Vyao, sio vya jirani.

Sasa hasara yenyewe. Kipande cha video kitafika kwenye magrupu ya WhatsApp kabla mchungaji hajatoa baraka. Mwenyekiti wa kikoba atasikia habari za hela zake kupitia simu ya shemeji yake. Wanachama watagawanyika: wa "tumsamehe, ameokoka" na wa "tukachukue RB", yaani kufungua kesi polisi. Hawa wa pili hawana kosa, wizi ni jinai, na polisi hawana fomu yenye kisanduku cha "amezaliwa mara ya pili". Ushahidi umewapa mwenyewe, una sauti na picha.

Lakini kibaya kuliko hivyo ni ule wepesi. Ukishashuka jukwaani, watu wamelia, wamekukumbatia, mzigo umetoka kifuani. Basi na msukumo wa kulipa unatoka nao. Makofi yanaonja kama malipo. Mwezi wa pili baada ya hapo unaanza kuwaona wanaokudai kama watu wasio na upendo wa Kristo.

Na hapa niseme: hasira zangu ni kwa wahubiri wa mikutano wanaowaambia watu wa siku tatu kwenye wokovu "toa yote madhabahuni". Wewe ukibaki unatafuta pa kuficha uso, jenereta, spika na mhubiri vimeshapakiwa kwenye Fuso kuelekea mkoa mwingine. Hakuna hata mmoja wao atakayekaa na wewe kwenye kikao cha kikoba. Nikodemo alifundishwa kuzaliwa mara ya pili usiku, bila maiki, na matunda yake tunayaona Yohana 19:39, anapotokea na manemane na udi kama ratili 100 kumzika Yesu. Alikuja na mzigo, sio na ushuhuda. Mtasema nimepoa kiroho. Sawa, leteni kipimajoto.

Fanya hivi. Wiki hii pitia daftari mstari kwa mstari, linganisha na miamala ya simu, upate kiasi halisi. Kumbukumbu ya aliyechukua huwa inapunguza, ile 480,000 usishangae ikiwa zaidi. Walawi 6:5 na Hesabu 5:7 zinataka mali kamili na sehemu ya tano juu yake, kwa hiyo 480,000 na 96,000, jumla 576,000. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alisema atarudisha mara nne, yaani 1,920,000 kwa hesabu yako, ila Zakayo alikuwa tajiri na alijitolea mwenyewe. Usiahidi ya Zakayo kwa mshahara wa karani.

Mfuate mwenyekiti na katibu kwa pamoja, sio mmoja mmoja, na isiwe siku ya mgao. Nenda na hela ya kwanza mkononi, hata kama ni 100,000. Kabidhi daftari na funguo yako ya sanduku hapo hapo, usingoje kuombwa. Ratiba ya kulipa iandikwe nakala mbili, isainiwe, awepo shahidi. Kila awamu iingie akaunti ya kikundi, kamwe isipitie simu ya mwenyekiti, maana mkikosana baadaye utalipa mara mbili. Kikao kikikaa, uwepo, useme mwenyewe, ujibu maswali. Wakiamua kwenda polisi hata hivyo, hiyo ni haki yao, na maandishi yataonyesha ulianza kulipa kabla hujakamatwa.

Kwa yule mama: kata. Usimfuate "kumwombea", maombi ya namna hiyo tunajua yanakoishia. Nenda kapime VVU kabla hujazungumza na mke wako, ili umpe ukweli wote na sio nusu. Kisha mwambie mkeo nyumbani, watoto hawapo, mchungaji na mkewe wakiwa wanajua na wako karibu na simu. Mume wa yule mama usiende kwake peke yako, wala usiende kabla mchungaji hajasikia upande wa mwanamke.

Wazee wa Uamsho, ule wa makanisa uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika Uganda, Kenya na Tanganyika, walijulikana kwa kurudisha vya watu. Na hata kwao, kilicholeta manung'uniko makubwa ni watu kuanika mambo ya chumbani hadharani. Sio jambo jipya.

Kufunga na pa kuanzia Biblia vinasubiri. Ubatizo nao tuuache kwanza, Walutheri na Wapentekoste wakianza hapa uzi utafika kurasa kumi.

Ukilazimishwa kusimama Jumapili, sema umempokea Yesu, kuna watu uliowakosea, na umeanza kutengeneza nao. Sentensi tatu, rudisha maiki, kaa. Mtu akikuuliza getini "watu gani hao?" mwambie wao wanajijua. Leo jioni fungua daftari, anza na ukurasa wa mwezi ulipochota mara ya kwanza.