Lavenda Haina Ubaya, Ipe Moto Unaoistahili

Juzi nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayejifunza kutengeneza shanga za kioo kwa moto wa tochi. Aliambatanisha picha ya shanga yake ya rangi ya lavenda, yaani zambarau hafifu, ile isiyopitisha mwanga, uso wake umefanya ukungu mweupe kama umepakwa chaki. Akaandika: "Dada, nimeshauriwa niachane na rangi hii. Eti mkono wangu mzito." Maneno hayo yamenikaa kooni tangu siku ile, kwa sababu hata mimi niliwahi kuambiwa hivyo hivyo, tena mbele ya watu.

Mwalimu aliyekuwa akitufundisha aliinyanyua shanga yangu, akawaonyesha wenzangu, akasema wapo watu ambao kioo kinawakataa. Akaiweka mezani, akaendelea na somo. Hakueleza ule ukungu ni nini wala unaletwa na nini. Miaka imepita na bado nikikumbuka naumia, maana jambo lenyewe lingeelezwa kwa dakika moja. Basi nalieleza mimi.

Kioo hakina fuwele, ndiyo maana kinang'aa. Lakini kuna joto la katikati, chini ya lile linalokiyeyusha kabisa na juu ya lile la kukipozea, ambapo chembe zake za usoni hupata nafasi ya kujipanga zikawa fuwele. Rangi nyingi zinavumilia hali hiyo. Lavenda na zambarau zisizopitisha mwanga haziivumilii. Kampuni ya Effetre, yenye asili yake Murano huko Italia, ina zambarau moja ambayo mafundi wa shanga duniani kote wanaijua kwa herufi EDP, kifupi cha Kiingereza "Evil Devitrifying Purple", yaani zambarau mbaya inayofanya fuwele, na sifa yake kubwa ni huo ukungu. Kwa hiyo dada, si mkono wako. Mafundi wenye uzoefu mkubwa nao inawasumbua.

Tatizo ni kwamba joto hilo la katikati ndilo tunalofanyia kazi karibu zote za urembo. Unaviringisha shanga kwenye bamba la grafiti, unaikandamiza, unaweka nukta, unairudisha pembeni mwa moto isipasuke, unaweka nukta nyingine. Kila unaporudi pale, lavenda inapata muda wa kujenga fuwele. Ukiwa mwangalifu sana, mpole sana, ndivyo inavyozidi kupauka. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu wanaadhibiwa kwa kuwa waangalifu.

Dawa yake ni moto. Ukimaliza urembo wote, ingiza shanga kwenye mwali wenye nguvu na oksijeni ya kutosha, ukiizungusha bila kusimama, mpaka uso wote uwe mwekundu unaoelekea rangi ya chungwa na uanze kulainika. Angalia kwa makini: ule ukungu unatoweka kipande kwa kipande, uso unabaki laini na unaakisi mwali wenyewe. Fuwele zimeyeyuka. Sasa itoe motoni, endelea kuizungusha hewani mpaka wekundu ufifie na umbo lishike, kisha ipeleke moja kwa moja kwenye tanuri la kuipoza polepole. Usiirudishe kwenye moto mdogo "kuipasha kidogo tu". Hiyo kidogo tu ndiyo inayorudisha ukungu, nawaambia kwa uchungu. Tanuri liwe tayari, kwenye nyuzi 510 hivi za Selsiasi kwa kioo laini cha kipimo cha 104 (kipimo cha jinsi kioo kinavyotanuka kwa joto), kabla hujawasha tochi.

Jambo jingine ni miwani. Ile ya didimiamu inachuja mng'ao wa manjano wa sodiamu ili uone kazi yako, lakini pia inabadilisha unavyoziona rangi. Usihukumu lavenda kwa rangi yake ikiwa motoni. Hukumu kwa mng'ao wa uso.

Na fimbo yenyewe ya kioo, ile unayoiyeyusha kupata shanga, iingize taratibu kutoka mwishoni mwa mwali, huku ukiizungusha. Ukiiharakisha inaruka vipande.

Ukitaka nukta nyingi na michoro mirefu, tandaza lavenda nyembamba juu ya kiini cha rangi nyingine, kisha ifunike yote kwa kioo angavu kabla ya kuanza urembo. Fuwele hazipati uso wa kujengea, na rangi inapata kina ambacho mimi nakipenda kuliko hata lavenda tupu. Mwezi uliopita mteja mmoja alichukua mkufu wangu wote wa shanga za namna hii, akaniuliza nimejifunza kwa nani. Nilijivuna, sifichi. Nilitamani yule mwalimu angekuwepo.

Ndugu zangu mnaofundisha, mwanafunzi akikuletea shanga yenye ukungu, mwambie sababu. Kumwambia mtu kioo kinamkataa si somo, na hatasahau. Nasi tunaojifunza tusikubali jibu lisilo na sababu. Fundi akisema rangi fulani haikufai, muulize inashindwa kwa joto gani. Asipojua, endelea na kazi yako.

Wewe dada, chukua fimbo ile ile uliyoambiwa uitupe. Tengeneza shanga tupu, ya mviringo, bila nukta wala mchoro. Ipe ule moto wa mwisho niliousema, kisha tanuri. Ikitoka inang'aa, tengeneza nyingine uiongezee nukta chache, uipe moto huo huo. Shanga uliyonitumia picha usiitupe pia. Ukungu wa lavenda ukienea sawasawa una upole wake, na kuna watu wanaopenda shanga zisizong'aa. Safisha tundu lake vizuri, uiweke kando na wenzake wa namna hiyo.