Mwislamu na mfeministi: inawezekana?

Dada, umeuliza kama mtu anaweza kuwa Mwislamu na mfeministi, yaani mtetezi wa usawa wa wanawake, bila kujidanganya. Mimi naona anaweza, na nasema hivyo nikiwa mtu wa swala tano.

Mtazame Khansa bint Khidham. Alikuwa amewahi kuolewa na ndoa hiyo ikaisha, kisha baba yake akamwoza tena kwa mwanamume asiyemtaka. Akaenda mwenyewe kwa Mtume (s.a.w.) kushtaki, na Mtume akaibatilisha ndoa ile. Imo katika Sahih Bukhari. Hebu fikiria: mwanamke anamshtaki baba yake mzazi, na anasikilizwa! Mahari nayo, Surat An-Nisaa aya ya 4 inaamuru wapewe wanawake wenyewe. Na mke kumiliki mali yake mwenyewe ni haki iliyokuwepo karne nyingi kabla ya sheria ya Uingereza ya 1882 iliyowapa wake haki hiyo.

Ugumu upo, siukwepi. Aya ya 34 ya sura hiyohiyo, inayotaja usimamizi wa wanaume juu ya wanawake na mume kumpiga mke, na mirathi ambamo binti hupata nusu ya fungu la kaka yake, ndipo watu wanapogawanyika. Amina Wadud, msomi Mwislamu wa Marekani, ana usomaji wake wa aya ile, na wanazuoni wengi hawaukubali. Mimi bado naisoma, naiacha, narudi tena.

Ila kama ufeministi kwako unadai dini iwekwe kando kwanza, hapo havitapatana. Huda Sha'arawi hakudai hivyo alipoanzisha umoja wa wanawake nchini Misri mwaka 1923.